Nilivyokwenda Kushonewa Mlango wa Nguruwe

Ninyi wenzangu wa ofisi ya ramani mmekuwa mkiniuliza kwenye simu, kwa zamu, kama ni kweli nimewekewa nguruwe kifuani. Wengine mmetuma picha. Omondi ametuma sauti ya nguruwe akikoroma. Nimechoka kuwajibu vipande vipande, kwa hiyo naandika yote mara moja, tangu nilipotoka nyumbani Jamhuri mpaka niliporudi. Habari za fomu na bima nitaziruka, maana hata mimi sikuzielewa.

Kwanza mjue hali ilivyokuwa. Moyo una milango midogo ya kupitishia damu, na mmoja wangu, ule wa kutokea, ulikuwa umekakamaa haufunguki vizuri. Nikipanda ngazi tatu za barazani nahema kama niliyefukuzwa na mbwa. Mara mbili nilianguka bafuni. Daktari Wanjiru, binti wa rika la kitinda mimba wangu, aliniambia bila kupepesa macho kwamba mlango usipobadilishwa, mwaka huu sitaumaliza. Akasema kuna mlango wa chuma, ambao ukiwekewa utameza dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku hadi kufa, na kuna mlango unaotengenezwa kwa nyama ya mnyama, nguruwe au ng'ombe, ambao kwa umri wangu ndio unaofaa.

"Sasa mimi nitapata wa nguruwe au wa ng'ombe?" nilimuuliza.

"Tutajua tukishakufungua, mzee. Ule utakaokutosha."

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mnajua kanisa letu halili nguruwe, na mimi ni mzee wa kanisa hilo miaka ishirini na sita. Miaka minane iliyopita ndugu mmoja anayeitwa Muli, fundi wa mabomba, alionekana kwenye harusi ya binamu yake akila ubavu wa nguruwe. Aliyemwona ni mimi. Aliyemshtaki ni mimi. Aliyesimama mbele ya baraza na kuueleza ule ubavu, urefu wake na mafuta yake, ni mimi. Muli akawekwa chini ya nidhamu miezi mitatu: aondoke kwenye kwaya, akae benchi la nyuma karibu na mlango. Miezi mitatu ikaisha, lakini Muli hakurudi mbele. Aliendelea kukaa pale pale Sabato baada ya Sabato, na mimi kila nikitoka nje nilipita nikitazama viatu vyangu.

Jamhuri hadi Adams

Niliambiwa nifike hospitali saa nane mchana, nikiwa sijala kitu chochote tangu alfajiri. Siku hiyo wangenipitisha mrija kwenye mshipa wa mkono ili waone njia za moyo, na kesho yake ndiyo nipasuliwe. Mke wangu, Mama Mwende, alitaka twende pamoja kwa teksi asubuhi ile ile. Nikamdanganya. Nilimwambia mchungaji wetu angenichukua kwa gari pale kituo cha Adams Arcade, ili yeye atangulie na begi akashike foleni. Mchungaji hana gari, wala hakuwa na habari.

Ukweli ni kwamba nilitaka kumwona mchungaji ofisini kwake mjini kabla sijaingizwa mnyama. Na ukweli ulio chini ya huo ni kwamba niliogopa, na mtu mwoga hupenda njia ndefu.

Mimi ambaye nimechora barabara za nchi hii miaka thelathini na moja nilijua kabisa kutoka kwangu hadi Adams ni umbali gani. Mtoto wa shule huukata kwa dakika kumi na tano. Nilitumia saa moja na robo. Nilipumzika kwenye jiwe la geti la jirani, kwenye benchi la kinyozi, kwenye ukingo wa mtaro, halafu kwenye jiwe lingine ambalo lilikuwa mbele kidogo tu ya mtaro. Kinyozi aliniuliza kama nanyoa. Nikamwambia nafikiria. Nikafikiria mpaka pumzi ikarudi, nikaondoka.

Pale Adams kuna mama mmoja anayeuza chai na mandazi, wanamwita Mama Kerubo. Aliponiona nimeshika nguzo akaniletea kigoda.

"Mzee, kaa. Umekuwa na rangi ya jivu. Kunywa chai."

"Asante, mama. Siwezi. Nimefunga."

Nilimaanisha nimekatazwa na daktari. Yeye akaona mwingine kabisa: mzee mwenye koti na tai, amefunga, anatetemeka miguu barabarani.

"Umefunga kwa maombi?" akauliza kwa sauti ya chini. Kabla sijajibu alikuwa ameshavua leso kiunoni, akaitandika magotini. "Niombee msichana yangu, mzee. Leo anafanya mtihani ya kuendesha gari. Hii ni mara ya nne."

Ningefanya nini? Nikafumba macho, nikaanza. "Bwana," nikasema, pumzi ikakata. Wateja wawili wakaitikia amina. "Msaidie huyu," nikahema. Amina. "Kwenye kona," nikahema tena kwa nguvu, na hapo wote wakainamisha vichwa, maana walidhani nimeshukiwa na Roho. Sijawahi kuomba vibaya hivyo, na sijawahi kuitikiwa vizuri hivyo. Mama Kerubo alinifungia mandazi mawili kwenye gazeti, akayatia mwenyewe kwenye mfuko wa koti langu, ya kufungulia.

Adams hadi mjini

Basi nililopanda lilikuwa nusu tupu na sina la kusimulia juu yake. La kusimulia ni jengo. Ofisi ya mchungaji wetu, Mchungaji Kilonzo, iko ghorofa ya nne, na lifti ilikuwa imekufa. Askari wa mlangoni, Wafula, alinitazama nikizitazama ngazi.

"Mzee, hizo ngazi utaziweza?"

"La."

"Basi nitamwita. Sema ni nani na ni maneno gani."

"Mwambie ni Mzee Mutisya. Maneno ni ya siri."

Wafula akapiga simu hapo hapo: "Mchungaji, kuna Mzee Mutisya hapa chini na maneno ya siri." Kila aliyekuwa kwenye foleni ya kujiandikisha aligeuka kunitazama.

Mchungaji Kilonzo alishuka mbio. Ni kijana, amekuja kwetu miaka miwili tu iliyopita. Tuliketi kwenye ngazi ya pili kutoka chini, na Wafula akasimama karibu kabisa, labda kwa ajili ya usalama.

"Mchungaji," nikanong'ona, "nikishonewa kipande cha nguruwe kwenye moyo, bado mimi ni mzee wa kanisa?"

Nadhani alitarajia nikiri dhambi ya maana zaidi.

"Mzee, sisi tumekatazwa kumla. Umeona mahali tumekatazwa kushonewa?"

"Hata kumgusa tumekatazwa."

"Sasa mzee, si utakuwa umelala?" Wafula akasema. "Wewe hutagusa. Utaguswa."

Mchungaji alijifanya hakusikia, lakini niliona mabega yake yanatikisika. Akaniambia uhai ni wa Mungu, na mkono wa daktari ni mkono pia, na kama shida yangu ilikuwa hiyo, niende nikatibiwe. Ningeinuka hapo. Lakini nilikuwa na lingine, na nikaona kama sitalisema kwenye ngazi ile nitakwenda nalo hadi meza ya upasuaji.

"Na Muli je?"

"Muli yule anayekaa nyuma?"

"Mimi ndiye nilimpeleka huko. Kwa ajili ya ubavu mmoja."

Mchungaji akanitazama. "Mimi nilidhani anapenda hewa ya mlangoni," alisema. Kisha akasema la nguruwe ameshalijibu, lakini la Muli hana jibu lake, jibu ninalo mimi. Aliniombea na kunitafutia teksi. Wafula akanifungulia mlango wa gari, akaniinamia dirishani.

"Mzee, wahenga walisema. Mkuki kwa nguruwe."

Hakumalizia, maana methali hiyo hata mtoto anaijua. Niliimalizia mwenyewe moyoni mpaka tulipofika Kenyatta Market, na kwa binadamu kweli ulikuwa mchungu.

Mjini hadi Kenyatta Market

Ilikuwa saa sita. Hospitali ilikuwa karibu, mke wangu alikuwa amepiga simu mara tatu, na mimi nikamwambia dereva anishushe sokoni. Msiniulize sana. Nilitaka kuuona huo mlango. Mtu anapojengewa nyumba huenda kutazama mbao.

Njoroge ameniuzia nyama miaka mingi, ya ng'ombe na ya mbuzi. Anachoma pia, na utaratibu wa pale mnaujua: unachagua kipande kikiwa kibichi, kinapimwa, kinakatwa mbele yako, kinaenda motoni. Kikishakatwa ni chako.

"Njoroge, una moyo wa ng'ombe?"

"Uko, mzee. Ya leo asubuhi."

"Nionyeshe. Upasue pole pole, nataka kuona ndani."

Alinitazama kwa heshima mpya. Akauweka kwenye gogo, akapasua juu ya mshipa mkubwa, akaufungua kwa vidole. Na hapo nikauona. Vipande vitatu vidogo, vyeupe, vyembamba kama ile karatasi yetu ya kunakilia ramani, vimeshikana kwenye ukuta wa nyama. Njoroge alisema kila siku huvikata na kuvitupa, hajawahi kuulizwa. Kisha, kwa kuwa alitaka kumfurahisha mteja wa zamani, akamimina maji ya kikombe kutoka juu. Vile vipande vitatu vikajaa, vikakutana katikati, vikafunga. Hakuna tone lililopita. Mnyama alikuwa amekufa tangu alfajiri na mlango wake bado ulikuwa unajua kazi.

Nilimwambia arudie. Akarudia mara tatu. Sijui niwaelezeje, lakini machozi yalinitoka pale mbele ya mizani, na hofu iliyonikalia kifuani wiki nzima ikapungua. Ningekuwa na kitu cha namna ile ndani yangu. Nisingekuwa na la kulalamika.

Nikaenda kukaa benchi la nje nipumzike. Nadhani nilisinzia. Niliposhtuka, mbele yangu palikuwa na ubao, na juu ya ubao moyo umechomwa, umekatwa vipande, una chumvi pembeni, ugali na kachumbari.

"Njoroge, hii ni nini?"

"Moyo yako, mzee."

"Mimi sikuagiza."

Njoroge alicheka, halafu akaona sicheki. "Mzee, umechagua. Nimekupasulia. Umeupima mpaka na maji, mara tatu. Mteja gani anachagua nyama hivyo halafu anaenda?"

Wateja waliokuwa karibu waliacha kutafuna wakasikiliza kesi. Na kesi ilikuwa wazi. Ningemwambiaje mtu aliyenichomea kwa mkono wake kwamba nilikuja kutazama tu? Nikasema nitaonja kipande kimoja kwa heshima. Kilikuwa kitamu. Sikuwa nimekula tangu jana yake jioni, na hofu ilipoondoka njaa ilikuwa imekaa mahali pake. Nilikula kwa heshima mpaka ubao ukabaki na chumvi.

Kenyatta Market hadi wodini

Mama Mwende alikuwa amesimama kwenye lango la wodi na begi. Hakuniuliza mchungaji yuko wapi. Muuguzi mkuu, Sista Atieno, alinivisha gauni la kufungwa mgongoni, akaanza maswali yake.

"Mzee, mara ya mwisho kula ni saa ngapi?"

Mimi si mwongo, ingawa kwa siku hiyo mngesema vingine. "Saa saba kasorobo."

"Ya usiku?"

"Ya mchana. Leo."

Kalamu ikasimama. "Umekula nini?"

"Moyo."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliinuka kwenye mto ili aone vizuri. Sista akachukua koti langu kulitundika, yale mandazi ya Mama Kerubo yakaanguka sakafuni, na yeye akayaokota bila neno na kuyaweka mezani kama ushahidi.

Daktari Wanjiru alikuja. Nikamweleza yote, ngazi, maji ya kikombe, ubao. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo mzee, tunakutibu moyo na wewe umeenda kula moyo."

"Nilikwenda kutazama."

"Na ulionaje?"

"Ni mlango mzuri," nikasema.

Alitabasamu kidogo, lakini alichosema baadaye hakikuwa cha kuchekesha. Kwa tumbo lililojaa, mrija hauingii leo. Utaingia kesho, na nafasi yangu ya kesho kwenye chumba cha upasuaji atapewa mwingine. Kama kutakuwa na nafasi keshokutwa, sawa. Kama hakuna, nirudi nyumbani ningoje mwezi mwingine au miwili. Hakuniambia kama ninao mwezi mwingine. Sikuuliza.

Mama Mwende alikaa kitini, akafunga na kufungua zipu ya begi. Miaka arobaini na mbili ya ndoa, amenikemea kwa mengi madogo. Siku hiyo hakunikemea.

"Kama ulikuwa unaogopa ungeniambia," alisema tu. "Mimi pia naogopa."

Hilo liliniuma kuliko sindano zote. Nililala pale siku nzima iliyofuata, mrija umeshapita, nikihesabu hatua za kila aliyekaribia kitanda changu. Jioni Sista Atieno akaja na fomu. Kuna mtu wa kesho yake alikuwa amepata homa, wamemwahirisha. Nafasi ni yangu. Palipoandikwa aina ya mlango nikaandika kwa mwandiko wangu wa ramani: wowote utakaonitosha. Kisha akaning'iniza kadi kitandani, HALI CHOCHOTE, na chini yake akaongeza kwa mkono: HATA AKIPEWA KWA HESHIMA.

Ya chumba cha upasuaji siyajui. Nilizinduka nikiwa na mirija kila mahali, kifua kinauma kama kimepasuliwa kwa shoka, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kusikiliza. Hakukuwa na kelele yoyote ndani. Damu ilikuwa inapita. Ni mlango wa mnyama gani sikuuliza, nilishajihesabia nguruwe. Nililia tena, safari hii bila sababu ya kujificha.

Wodini hadi benchi la nyuma

Tulirudi kwa teksi. Adams niliomba tusimame, na Mama Kerubo akaja dirishani kuniambia msichana alipita mtihani. Anasema ni yale maombi ya kwenye kona. Sikumsahihisha.

Baada ya wiki sita niliweza kwenda kanisani kwa miguu, bila jiwe hata moja. Kiti changu cha mbele kilikuwa kinaningoja. Nikageuka nikaenda nyuma. Muli aliinua kofia yake kutoka benchini.

"Mzee, umepotea?"

"Hapana. Nimekuja kukaa. Miezi mitatu."

"Kwa kosa gani?"

Nikagusa kifua. "Nguruwe."

Habari alikuwa nazo, kama Nairobi nzima. Alinitazama kifua, akanitazama uso. "Mzee, mimi nilikula ubavu moja nikamaliza. Wewe umeweka ya kukaa."

Nilicheka mpaka nikashika mshono. Nikamwambia nilimkosea, si kwa sheria tu bali kwa ile furaha niliyokuwa nayo nilipokuwa naieleza sheria. Hakusema amenisamehe. Alisogea kidogo zaidi kunipa nafasi.

"Nani amekupa miezi mitatu?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi itakuwa mitatu kamili. Mimi ndiye nitahesabu." Kisha akaongeza, "Hewa ya hapa si mbaya."

Sabato ya tano, tukiwa nyumbani baada ya jua kuzama, nilitafuta peremende kwenye mkoba wa Mama Mwende. Nikakuta kadi ndogo ya hospitali, ile anayopewa mgonjwa aibebe maisha yake yote. Jina langu, tarehe, namba ya mlango, na asili yake: ng'ombe.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Tangu siku tuliyotoka."

"Mbona hukuniambia?"

Alikuwa anachambua maharage, wala hakuinua kichwa. "Ulikuwa unaenda kukaa na Muli."

Wiki nzima niliwaza. Kwa haki sikuwa na kosa lolote, na mimi ni mtu wa haki, Muli ni shahidi. Sabato iliyofuata nikaingia nimesimama wima, kadi mfukoni, nikafika katikati ya kanisa. Mbele kiti changu kilikuwa wazi, kimefutwa vumbi. Nikatazama nyuma. Muli alikuwa ameshaondoa kofia yake.

Nikaenda nikaketi.

"Bado saba," akaninong'oneza.

Kwa hiyo, Omondi, kama ni lazima unitumie sauti, tuma ya ng'ombe. Lakini nitumie mimi peke yangu, maana Muli bado anahesabu.